Kalamu za Sindano

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ofisi moja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu. Karani alifungua kichupa cha wino wa muhuri, akadondosha matone machache juu ya sponji iliyokauka, na harufu ikanifika kabla sijajiandaa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye jua. Karani alinifuata mlangoni kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni joto tu.

Si harufu mbaya. Ni kali kidogo, tamu kidogo, kama tunda lililochacha ndani ya chupa ya dawa. Kwangu ni harufu ya nyumba yetu ya mtaa wa Kasenga, Uvira, katika mwaka ule ambao watu walikuwa wakininyamazia.

Tulikuwa wawili, mimi na Baba. Baba alikuwa mchoraji wa ramani. Zamani alichorea mradi mmoja wa barabara, na mradi ulipokwisha wenyewe waliondoka na magari yao, na viti vyao, hata na mapazia, wakamwachia kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka. Kilikuwa mashine ya kuchora, pana kama meza ya kulia, rangi yake kama maziwa yaliyoungua. Waliiita traseri, nasi tukaiita hivyo. Ilikuwa na mkono wa chuma uliokwenda kushoto na kulia juu ya karatasi, na pembeni vitundu vinane vya kulaza kalamu. Ukiiunganisha na kompyuta ya Baba, mkono uliondoka wenyewe, ukachukua kalamu, ukaishusha juu ya karatasi, tak, ukaanza kuchora. Ninyi wa rika langu mnaijua mashine ya kuchapa inayotapika karatasi imekwisha kazi. Traseri haikuwa hivyo. Ilichora kama mtu, mstari baada ya mstari, ungeweza kukaa ukaitazama inavyofikiri.

Lakini kalamu zake zilikuwa zimekauka. Zilikuwa kalamu fupi, nene kama kidole changu cha kati, zenye pete kiunoni ili mkono wa mashine uzishike. Hakuna duka lililokuwa nazo, si Uvira, si Bukavu. Baba alisema hata huko zilikotengenezwa hawazitengenezi tena. Traseri ikakaa kimya chumbani chini ya kitenge cha mama.

Mama alikuwa Bukavu, hospitali. Ndivyo nilivyoambiwa. Aliumwa tumbo wakati wa likizo ndefu, na mimi nikapelekwa Luvungi kwa mama mdogo, nikakaa kule wiki tatu nikila muwa na kufukuza ndege kwenye mpunga. Niliporudi Kasenga kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. "Iko Bukavu," Baba alisema. "Dawa ya kule inachukua muda." Nikaamini, maana viatu vyake vilikuwa bado chini ya kitanda, vile vyeusi vya kwendea kanisani, vimewekwa sambamba. Mtu hawezi kuhama akaacha viatu vyake vizuri.

Kilichonitesa hakikuwa Bukavu. Kilikuwa watu. Nikifika bombani na bidoni yangu, dumu langu la plastiki, wanawake waliokuwa wakiongea walinyamaza. Mmoja alinipisha nichote kwanza, ingawa nilikuta foleni. Mama Riziki, jirani yetu muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, ambaye zamani alikuwa akinifokea kila siku kwa kukanyaga vitambaa vyake vya kuanikia, sasa alinitazama tu, kisha akageuza uso. Shuleni wenzangu waliacha kugombana nami kwenye kamba ya kuruka. Nikitaka kuruka, waliniachia kamba yote, wakasimama pembeni. Nilikuwa na miaka tisa na nilitafuta sababu kama mtoto anavyotafuta. Nikaamua kwamba ninanuka wino. Nikawa naoga asubuhi na jioni, nasugua vidole kwa mchanga wa ziwani hadi ngozi inatoka.

Wino ulikuwa wa kweli, hata hivyo, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kutengeneza kalamu.

Ilianza siku Muzee Kashindi alipokuja nyumbani. Alikuwa seremala, na mwenyekiti wa kamati fulani ambayo sikujua ni ya nini. Alikaa kwenye kigoda chetu na kofia yake gotini, akanitazama, kisha akazungumza na Baba kwa sauti ya chini.

"Baba Sifa, sisi tunahitaji plan, ramani. Kila kitu ku nafasi yake, na jina, na namba. Kopi saba. Weye njo fundi."

"Mukono yangu haiwezi tena, Muzee," Baba akasema, akanyoosha mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa umeanza kutetemeka tangu likizo ile, na tangu hapo mistari yake ilikuwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Na ile mashine?"

"Haina kalamu."

Muzee Kashindi akavaa kofia yake. "Basi tengeneza kalamu. Mto umebeba tatu juma hili."

Nilifikiri nyumba. Ulikuwa msimu wa mvua, mto ulikuwa ukishuka milimani kila alasiri na mawe na matope, na nyumba zilikuwa zikienda kweli. Nilifurahi kwamba Baba amepewa kazi ya kuwachorea watu viwanja vyao kabla havijaenda.

Kalamu ya kwanza ilikuwa ya biki. Baba alikata mwili wa biki kwa msumeno mdogo, akaupa urefu wa kalamu ya zamani, akazungushia kiunoni pete aliyoikata kwenye ubavu wa bidoni na kuilainisha kwa kisu cha moto. Tuliilaza kwenye kitundu chake. Mkono ukaja, ukaichukua, tak, ukachora mstari wenye mapengo kama meno ya mzee. Kigololi cha ncha ya biki kinataka kukandamizwa na traseri haikuwa na nguvu hiyo. Basi ya pili Baba akaitia uzito juu, risasi ndogo ya kuzamishia wavu niliyoiokota ufukweni. Ile ikachana karatasi.

Ya tatu ndiyo ilikuwa kalamu. Baba aliomba zahanati sirinji mpya na sindano yake. Akaikata ncha kali ya sindano, akaisugua juu ya jiwe la kunolea, dakika nyingi, akiishikilia wima, hadi mdomo wake ukawa tambarare na laini. Mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika sindano na yeye akasogeza jiwe. Ndani ya tundu la sindano akapitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, mwembamba kuliko unywele wangu, ili wino usigande. Wino ulikuwa ule wa muhuri, umezimuliwa kwa maji ya mvua na tone la spiriti, ukachujwa kwa kitambaa mara mbili. Tukaufunga mwili wote ndani ya pete ya bidoni, tukapima kwa kipimo cha chuma, tukakwangua kidogo, tukapima tena.

Tak. Mkono ukaondoka. Mstari ukatoka mweusi, mwembamba, haukukatika hata mahali pamoja. Ukazunguka kona. Ukachora duara na mwisho wa duara ukakutana na mwanzo wake nisione mahali pa kukutana. Nilipiga makofi.

"Weye macho yako iko mazuri," Baba akasema bila kunitazama. "Angalia. Iko sawa?"

"Iko sawa, Baba! Iko mwembamba sana."

Akainama karibu na karatasi, akakaa hivyo muda mrefu. "Hapana. Hapa iko munene. Tutafanya ingine."

Nilitazama pale alipoonyesha. Sikuona unene. Lakini yeye ndiye aliyekuwa fundi.

Tukafanya ya nne, kwa sindano nyembamba zaidi. Tukafanya ya tano. Muzee Kashindi alikuja kila Jumamosi, akasimama mlangoni bila kuketi. "Mto umebeba mbili tena, Baba Sifa." Na Baba akajibu, "Kalamu bado. Kidogo tu." Jumamosi moja Muzee akauliza kwa hasira, "Weye unataka ibebe na yako?" Baba akatoka, akamshika mkono, wakaenda kuongea nje ya ua. Nikajiuliza tangu lini tuna kiwanja kando ya mto.

Zile wiki za kalamu ndizo nilizokuwa karibu na Baba kuliko wakati wowote, na ndizo nilizokuwa peke yangu zaidi. Tulikaa bega kwa bega mezani tangu kutoka shule hadi giza, vichwa vyetu vikigusana juu ya sindano, na hatukusema lolote lisilohusu sindano. Nilijifunza kusoma ramani kwa sababu hiyo tu, nipate cha kumuuliza. Akanionyesha mshale wa kaskazini, alama ya daraja, alama ya bomba, jinsi mto unavyochorwa kwa mistari miwili. Nikimuuliza habari za Bukavu, alikumbuka kwamba wino unahitaji kuchujwa.

Kalamu ya saba ilikamilika siku ya mapumziko ya shule. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Baba aliilaza kwenye kitundu, akatandika karatasi, akabonyeza vitu kwenye kompyuta, kisha akaniambia niende kwa Mama Riziki nimsaidie kugeuza ndagala. Nikaenda. Mama Riziki alinipa ndizi mbivu, akaniambia nikae tu kivulini, na baada ya muda kidogo nikachoka kutazamwa. Nikarudi nyumbani.

Baba hakuwapo. Baadaye nilijua kwamba alipoiona mashine imeanza alishindwa kukaa chumbani, akaenda kumngoja Muzee Kashindi kwenye karakana yake. Traseri ilikuwa ikichora peke yake ndani ya nyumba tupu. Nikavuta kigoda.

Ilikuwa imekwisha kuchora mto, daraja, na njia. Niliitambua kona ile ya mto mara moja, ni nyuma ya mtaa wa Kilibula, tulipita pale zamani tukienda kutembelea watu. Karatasi haikuwa na kichwa cha habari, kwa maana vichwa Baba aliviacha mwisho. Kulikuwa na vijumba vidogo vya mstatili, vimepangwa safu kwa safu, na sasa mkono ulikuwa ukiandika majina ndani yake, kwa zile herufi zake nyembamba zisizo na nyama. Namba, jina. Namba, jina. Nikawa nasoma kwa sauti pamoja nao. Hamsini na tisa. Sitini. Mkono ukasogea, ukashuka, tak, ukaandika 61, kisha ukaandika N, na A, na B. Niliendelea kusoma. Nabintu. Nikafikiri, kumbe yuko mwingine mwenye jina la mama. Kisha F, na U, na R. Nabintu Furaha. Mkono ukainuka, ukaenda kwenye kijumba cha sitini na mbili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ningependa kusema kwamba nilielewa. Sikuelewa, au nilielewa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba mama ametoka Bukavu. Kwamba ana nyumba Kilibula, mwendo wa saa moja kwa mguu, nyumba ndogo kuliko za jirani zake, na kwamba Baba anajua, na Muzee Kashindi anajua, na Mama Riziki, na wanawake wote wa bombani. Kwamba wamenyamaza kwa sababu yeye mwenyewe hataki nijue. Nilikaa pale hadi traseri ikamaliza na kurudisha kalamu kitunduni, nikajaribu kukumbuka nilimfanyia nini.

Kisha nikaoga. Nikavaa gauni la Jumapili. Nikaikunja karatasi mviringo, nikaingia chini ya kitanda, nikatoa viatu vyake, nikavifuta vumbi, nikavitia kwenye mfuko. Nilikusudia kuwa na adabu. Ningesema, nimekuletea viatu tu, sitakaa.

Njiani nilifuata ramani kama Baba alivyonifundisha. Daraja lilikuwepo mahali pake, na bomba, na njia iliyopinda kushoto. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na fahari, vyote viwili, maana kalamu niliyoishika mimi ilikuwa imechora dunia sawasawa.

Njia ikaishia kwenye majani marefu na sauti ya mto. Wanaume watano walikuwa wakipigilia vibao ardhini. Muzee Kashindi alikuwa ameinama na kopo la rangi nyekundu, akiandika namba. Aliponiona alisimama polepole.

"Sifa? Weye iko unafanya nini huku? Baba yako iko wapi?"

"Shikamoo, Muzee. Minye ninatafuta namba makumi sita na moja."

"Ya nani?"

"Ya mama yangu. Nimemuletea viatu vyake."

Akavua kofia. Wale wanaume wakaacha kugonga. "Kuya kwanza tuikae hapa, mutoto yangu."

"Sitaki kuikaa, Muzee. Munionyeshe tu mlango."

Akaliweka kopo la rangi chini. Nami nilikuwa najua kusoma, basi nikaacha kumngoja. Nikatazama vibao. Hamsini na nane, kwenye tuta lenye msalaba uliolala. Hamsini na tisa. Sitini, tuta fupi, la mtoto. Baada ya hapo sikutazama tena namba. Lililofuata lilikuwa tuta jipya kuliko mengine, majani yalikuwa hayajalifunika, na msalaba wake ulikuwa na jina kwa mwandiko wa Baba, ule wa mkono unaotetemeka.

Hatua nne mbele yake ardhi ilikuwa imekatika, na chini kulikuwa na maji.

Sijui nilisimama muda gani. Nilisikia pikipiki. Baba alikuwa amechoka kungoja karakanani, akaambiwa Muzee yuko mtoni, akapanda pikipiki. Alikuja akitembea, kisha akaona gauni langu, akakimbia. Aliponifikia hakunigusa. Aliketi chini kwenye matope na suruali yake nzuri.

"Nani anajua?" nikamuuliza.

"Bote."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

Alitazama mkono wake. "Siku ile nilipiga simu Luvungi, nikuambie. Mama mudogo akaenda kukuita. Nikasikia weye nyuma unacheka. Ulikuwa unacheka sana, sijui ni kitu gani. Nikamwambia akuache, nitapiga kesho." Akafuta matope gotini. "Na kesho nikasema kesho."

Mto ulikuwa ukigonga mawe. Wale wanaume walikuwa wametupa mgongo.

"Kalamu ya tatu ilikuwa inaandika muzuri," Baba akasema. "Ulikuwa na haki. Minye njo sikutaka iandike."

Hapo ndipo nilipompiga. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili, naye akaniacha nimpige, na nilipochoka akanishika.

Traseri ikachora kopi nyingine sita ndani ya siku mbili. Kamati ikapata mahali juu kwenye mwinuko, mbali na maji, na siku ya kuwahamisha wafu watu walikuja kutoka mitaa yote, wengine wakiwa na majembe yao, wengine na mashuka meupe mapya. Utaratibu ulikuwa kwamba Baba asimame pale juu na ramani, na kila sanduku likifika asome namba na jina, jamaa zake waitike, waonyeshwe mahali papya. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa akiongea.

Alisoma vizuri kwa muda. Hamsini na nane, wakaitika. Hamsini na tisa, wakaitika. Sitini, mwanamke mmoja akaitika kwa sauti ndogo, akapita na mumewe. Kisha wanaume wanne wakapanda na sanduku jingine lililofunikwa shuka letu, lile lenye maua ya bluu, wakasimama mbele ya Baba, wakangoja. Baba alitazama karatasi. Watu wakaanza kutazamana. Niliwaona wanawake wa bombani, wote, wamekaza midomo kama walivyoikaza miezi yote ile, macho yao kwangu.

Nikaichukua karatasi mkononi mwake. Aliiachia bila kuvuta.

"Makumi sita na moja," nikasoma. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nabintu Furaha." Na kwa kuwa Baba hakuitika, na hakukuwa na jamaa mwingine wa kuitika, nikaitika mwenyewe. "Ni mama yangu. Amekufa. Mumulete huku."

Mama Riziki ndiye aliyeanza. Alitupa kitambaa chake chini, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoa kilio ambacho alikuwa amekiweka tumboni tangu likizo ile, kila nilipopita mbele ya ndagala zake. Wengine wakampokea. Wanawake wote wa bombani wakalia, kwa sauti, wakimwita mama kwa jina, wakaja wakanizunguka, wakanishika kichwa, mabega, mikono, na hakuna hata mmoja aliyenyamaza kwa ajili yangu.